Mteja wa Kwanza wa Asubuhi

Wapendwa, hebu niwapeleke kwenye mgahawa mmoja mdogo, jirani na soko. Mwenye mgahawa alikuwa mpishi hodari. Chai yake ya maziwa, we! Ukipita njiani, tangawizi inakushika shati. Na hakuwa mwizi, hapo tuelewane. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pesa ikishaingia kwake, kutoka ni shughuli.

Maziwa aliletewa na mama mmoja mfugaji, kwa makubaliano ya kulipwa mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha. Mama akienda asubuhi, anaambiwa, "Mama, sijauza hata kikombe. Kutoa pesa kabla hujaingiza ni nuksi, biashara italala siku nzima." Akirudi jioni: "Jua limeshazama, mama yangu. Pesa haitolewi gizani, inafukuza baraka." Sasa niambieni nyie, huyu mama aende saa ngapi? Mchana? Mchana anaambiwa mwenyewe kaenda sokoni!

Na pesa zilikuwepo, kwenye kopo juu ya kabati. Alipenda tu kujua kwamba zipo.

Lakini naye alikuwa na donda lake. Wabeba magunia wa sokoni, waliokuwa wakijaza mabenchi yake kila mchana, walikuwa wametoweka. Sufuria za wali zinarudi jikoni zimejaa. Amelogwa? Nani kamharibia jina? Akaanza kufikiria kufunga mgahawa kabisa.

Asubuhi moja mama akaja na madumu yake, macho mekundu.

"Mwanangu, leo nilipe. Muuza pumba hanikopeshi tena, na ng'ombe wanakaukiwa maziwa. Kesho nampeleka mmoja mnadani."

Moyo ulimchoma yule bwana, kweli ulimchoma. Lakini mazoea yana tabu. "Mama, si unanijua? Bado sijapata mteja wa kwanza."

Mama akakaa benchini. Akafungua pindo la khanga, akatoa sarafu, akaiweka mezani.

"Basi niuzie chai."

Akamiminiwa. Chai ya maziwa yake mwenyewe, wapendwa! Akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo.

"Umeshauza. Na jua hilo hapo nje. Nilipe."

Yule bwana akacheka kwa aibu. Akapanda kigoda, akashusha kopo, akalipa zote.

Mama akaenda moja kwa moja kwa muuza pumba, akamaliza deni. Muuza pumba akashusha pumzi, akawaita wabeba magunia wake, ambao naye alikuwa akiwapiga kalenda, akawapa ujira wao. Ilipofika saa ya chakula, mwenye mgahawa akasikia vishindo mlangoni. Ni wale wale!

"Jamani, mlikuwa wapi? Niliwakosea nini?"

Mmoja akamjibu huku akivuta benchi, "Bosi, tungekula kwa hela gani? Tajiri yetu hakuwa na cha kutulipa. Anasema kuna mama wa maziwa alikwama, eti kuna mtu hamlipi."

Yule bwana akabaki na upawa hewani. Aliyewafukuza wateja wake alikuwa yeye.

Ndugu zangu, sisi tunamwomba Mungu afungue milango ya riziki, na komeo tumelishika wenyewe. Tunalia kwamba mji umekauka, pesa haionekani. Itaonekanaje, nawe umeikalia? Lakini furahini, maana mambo hayajaharibika. Ukimlipa fundi wako, umemlipa na muuza mbao, na mwenye duka anakonunua unga, na siku moja mmoja wao atabisha kwako ana njaa, na hela mfukoni.

Nawaona wengine mmeinamisha vichwa. Ni vizuri, maana huyo unayemzungusha huenda amekaa nyuma yako tu hapo. Kikapu cha sadaka kinakuja. Usitutilie humo pesa ya mtu. Inuka, mshike mkono, mtoke nje mkamalizane, kisha mrudi pamoja. Hatutawafungia mlango. Wimbo unaofuata una beti nyingi, na leo tutaziimba zote.