Fisi Aliyejishonea Mkekani

Hadithi, hodi!
— Karibu, kaa kitako!
Nimekuja na uongo!
— Ukiwa mtamu tutaula!

Hapo kale Mama Ngiri alikuwa anamwoza binti yake. Akatangaza: "Atakayeniletea mkeka mzuri kuliko yote, sufuria nzima ya pilau ni yake!"

Fisi aliposikia pilau, tumbo lilimnguruma nguruu! Akakata rundo la ukindu, akaketi kusuka. Jirani yake Nguchiro, kijitu kisichojaza kapu, naye akaketi.

Nguchiro aliuloweka ukindu wake kwanza, ulainike. Akasuka, sui sui sui. Akaacha. Akatembea. Akarudi, akatazama, akafumua kidogo. Akasuka tena, sui sui sui. Akaacha.

Fisi akachanganyikiwa. Huyu anasuka au anacheza?

"We Nguchiro, mbona umeacha?"

"Mkono umeanza haraka, mzee. Naungoja utulie."

Fisi akakuna kichwa. Mkono unangojwaje, nao umeota begani kwako?

Nguchiro akasuka, sui sui sui. Akaacha. Akalala chali, akapiga mluzi.

"Na sasa?"

"Nimeanza kuwaza pilau, mzee. Nikiwaza pilau naharibu nakshi."

Fisi hakuelewa kitu. Yeye alikuwa akiwaza pilau tangu asubuhi! "Nipe siri yako ya kweli!" akafoka.

"Ndiyo hiyo. Loweka, suka, acha, tazama." Nguchiro alisema kweli tupu, maana alijua Fisi haamini kweli hata siku moja.

"Ananizuga huyu," Fisi akawaza. "Anataka nilale, pilau aile yeye." Basi hakuloweka, hakuacha, hakutazama. Akasuka, kata kata kata! Ukindu mkavu ukakatika, akaunga mafundo. Utepe aliousuka ulipofika urefu wa kutosha, akaanza kuushona uwe mkeka. Nanyi mnajua, mkeka hushonwa kwa kuzungusha ule utepe, ukawa kama pipa, kisha ndipo hukatwa ukafunguka. Fisi aliketi katikati ya pipa. Akazungusha, akashona, chomo chomo! Macho kayafumba, anaona pilau tu. Akazungusha, akashona, akapita mabega, akapita masikio, akaziba na juu.

Akafumbua macho. Giza tititi!

"Nguchiro! Nani kazima jua?"

"Wewe mwenyewe, mzee. Umejishona ndani."

"Nitoe basi!"

"Ningekutoa, ila una hasira. Ukiwa na hasira utauchana mkeka wako. Tulia kwanza, mzee wangu." Nguchiro akajitwika mkeka wake, huyoo, arusini.

Fisi akabaki gizani, njaa inamuuma mpaka machozi yakamtoka. Harufu ya pilau ikapenya kwenye mafundo. Kisha akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Nguchiro alikuwa amerudi na sufuria aliyoshinda, anakwangua ukoko.

"Lakini," Fisi akajiuliza, "yule alifanya kazi saa ngapi?"

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyesinzia amuulize aliyekuwa macho. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukishika kazi usipumzike wala usitazame unachofanya, watu wasije wakakuona mvivu kama Nguchiro, yule aliyeshiba.