Sahani ya Bwana Tai na Nauli ya Konzi Moja

"Mko macho?"

"Macho tunayo!"

"Na masikio?"

"Yapo, yanawasha!"

"Ngano inataka kupita."

"Ipite, njia nyeupe!"

Basi tulieni. Wewe Mwatime, kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatwa. Nikikatwa nasahau, na nikisahau nitawatungia mwisho mbaya mwende nao nyumbani.

Palikuwa na vilima viwili, kimoja huku na kimoja kule. Katikati kuna bonde, linakwenda chini, giza tii, na humo bondeni anakaa Chatu, ametulia zake, hana haraka na mtu. Soko liko kilima cha kule. Wenye njaa wako kilima cha huku. Ndivyo ilivyopangwa, msiniulize mimi.

Ukitaka kwenda sokoni una njia mbili. Ya kwanza, unashuka bondeni kwa miguu, tapu tapu tapu, na ukikutana na Chatu basi safari yako imekwisha. Ya pili, unapanda mgongoni kwa Tai.

Siku hizo Tai alikuwa anabeba abiria, na alibeba kwa madaha. Mgongoni ametandika godoro la sufi, ukikaa unazama. Mkewe, Bi Tai, anaruka ubavuni na sahani ya ndizi mbivu zilizopondwa kwa asali. Anakunawisha mikono, anakwambia karibu. Vuuuu, mnakwenda, unakula, mawingu yanapita. Raha tupu.

Na sahani hiyo ilikuwa na desturi yake. Ikiwa tupu, Bi Tai anajaza, hata hakuulizi. Ukishiba unabakisha kidogo pembeni, ndiyo heshima, na hapo ndipo unateremshwa. Kwa Tai abiria hateremshwi na chakula kiko mbele yake, maana ni sawa na kumfukuza mtu mkekani. Wakubwa waliopanda walikuwa na adabu zao. Walikula matonge mawili, wakabakisha, wakafuta mdomo.

Nauli? Pishi nzima ya karanga, tena ya kwenda tu. Na Tai hali karanga, sote tunajua anakula nini. Ukiuliza anazifanyia nini, hazifanyii kitu. Anazijaza ghalani, jioni anafungua mlango, anaziangalia, anafunga. Wale wadogo, akina Panya na Mjusi na Chura, pishi wangeitoa wapi? Walishuka bondeni kwa miguu. Wengine walirudi.

Sasa, kilima cha huku palikuwa na pango, na pangoni anakaa Bi Popo. Mume hana, alikwenda kutafuta maisha akayapata huko huko. Ana mtoto mmoja, kampa jina Shibe. Jina la kuombea, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa mbavu tupu. Kutwa kang'ang'ania kifua cha mama yake: "Mama, njaa. Mama, njaa." Ndizi ziko sokoni, na sokoni hupewi kitu kwa kuonewa huruma. Bi Popo alijua kabisa kwamba mtoto huyu asiponenepa kabla ya mvua kubwa, baridi ya pangoni itamchukua. Hilo lilimkaa rohoni kama mwiba.

Akatoka, akaning'inia kwenye mti ulio ukingoni mwa bonde, akaanza kuita. "Ng'ambo, ng'ambo. Kibaba kimoja tu, ng'ambo."

Kibaba, mnajua, ni robo ya pishi. Panya akasogea na kikapu chake.

"Kuna godoro?"

"Hakuna."

"Kuna chakula?"

"Kula kwenu."

"Nitakaa wapi?"

"Hukai. Unashika miguu yangu, unaning'inia."

"Sasa kuna nini, Bi Popo?"

"Kuna kufika."

Panya akatazama bonde. Akamfikiria Chatu. Akatoa kibaba. Pu pu pu pu pu, wakavuka, Panya kafumba macho, mkia umekakamaa, na kweli akafika. Akatapika kidogo, akajifuta, akaenda sokoni. Kesho yake akaja Mjusi: kuna godoro, hakuna, kuna chakula, kula kwenu, pu pu pu, akafika. Kesho yake akaja Chura, naye pu pu pu, akafika. Bi Popo akanunua ndizi. Shibe akala, akalala bila kulia, na mama yake akamtazama mpaka machozi yakamtoka.

Sasa hao wadogo Tai hakuwajali, walikuwa si wateja wake. Kilichomuuma ni Kindi. Kindi tajiri, mwenye mashamba, aliyezoea godoro. Siku moja Tai anatazama, anamwona Kindi ananing'inia miguuni kwa Popo, na kofia yake kichwani.

"Bwana Kindi, vipi tena?" Tai akamuuliza alipotua.

"Ah, Bwana Tai. Safari yenyewe ndiyo hiyo, hujameza mate umefika. Godoro la nini? Nikienda mlima wa theluji nitakuja kwako."

Tai akarudi nyumbani amenuna.

"Mke wangu, nauli ya ng'ambo tunashusha. Kuanzia kesho, konzi moja."

"Konzi moja ya karanga, kiganja kimoja tu? Na sahani je?"

"Sahani ibaki. Godoro libaki. Mimi ni Tai, sio yule ngozi kavu."

"Bwana, kwa konzi moja hupati hata ganda la ndizi."

"Siku chache tu. Akikosa abiria atahama. Akihama, tunapandisha, pishi mbili. Watakwenda wapi?"

Bi Tai akaingia jikoni. Vyombo vikasikika, kwa, kwa, kwa.

Asubuhi Kunguru, mpiga debe wa Tai, kakauka koo. "Konzi moja, konzi moja! Godoro lipo, sahani ipo! Wahi nafasi ya shingoni, ina upepo!"

Nani angebaki kwa Popo? Mngebaki nyinyi? Wewe Rukia, usinidanganye, wewe ungekuwa wa kwanza. Panya akaenda kwa Tai. Mjusi akaenda kwa Tai. Chura akaenda kwa Tai, akazama godoroni akabaki macho tu. Pale mtini Bi Popo akaita mpaka sauti ikamkauka, hakuja mtu. Ndizi zikaisha. "Mama, njaa," akasema Shibe.

Kunguru naye hana dogo. Akaja kutua mti ule ule, makusudi.

"Shoga, bado upo? Hama tu. Ukihama nauli inakwenda pishi mbili, Bwana Tai kasema kwa mdomo wake."

"Kumbe," akasema Bi Popo.

"Ndiyo hivyo."

Kunguru alipoondoka, Bi Popo akamwita Panya aliyekuwa anarudi kutoka sokoni, tumbo mbele.

"Mwenzangu, umelipa nini?"

"Konzi moja."

"Umekula nini?"

"Sahani ya ndizi na asali. Nikabakisha kidogo pembeni, heshima."

"Na kama usingebakisha?"

Panya akakuna sikio. "Bi Tai angejaza. Lakini mtu na akili zake, atafanyaje hivyo?"

Bi Popo akamwachia njia. Akarudi pangoni pu pu pu. Pango lile lilikuwa la ukoo, shangazi juu, wajomba pembeni, mabinamu hawana idadi, wote wamening'inia wamelala na njaa. Akawaamsha.

"Amkeni. Kuna mtu anataka kutulisha."

"Nani?" akauliza shangazi yake, Bi Mkubwa wa pango.

"Bwana Tai."

"Kwa nini, anatupenda?"

"Hapana, ananichukia. Nitawaeleza njiani. Kila mtu ashike konzi ya karanga, zile nilizoweka akiba ya mvua zipo. Na shangazi, leo naomba utusamehe adabu zako. Mtu asibakishe kitu sahanini."

Wakaenda. Wa kwanza kupanda alikuwa Bi Popo mwenyewe, na Shibe kifuani. Tai akamtazama, akatamani kucheka.

"Wewe si una mbawa?"

"Nimechoka nazo, Bwana Tai. Nimeona kwako ndiko kwenye raha."

Tai akavimba kifua kwa furaha. Vuuuu, wakaruka. Bi Tai akamnawisha, akamwambia karibu. Shibe akala, mama akala, sahani tupu, mpaka inang'aa. Bi Tai akajaza. Wakala, sahani tupu. Bi Tai akajaza. Wakafika juu ya soko, na sahani imejaa. Tai ateremke vipi, na abiria ana chakula mbele yake? Akazunguka. Vuuu. Sahani tupu, Bi Tai kajaza, Tai kazunguka. Vuuu. Sahani tupu, Bi Tai kajaza, Tai kazunguka. Chini wachuuzi wakaacha kuuza wakainua shingo.

"Mmeshiba?" Tai akauliza, kwa upole wa kulazimisha.

"Bado kidogo, baba. Mtoto alikuwa na njaa ya siku nyingi."

Shibe alipojamba ndipo mama yake akabakisha kipande pembeni, wakateremka. Mwatime, nilikwambia umalize kucheka mapema.

Tai akarudi kituoni anahema, akakuta foleni. Popo tupu. Akapanda shangazi. Shangazi mtu mzima, meno hana, anakula taratibu, na Tai anazunguka. Akapanda mjomba. Wakapanda mabinamu, watatu watatu. Na popo ana mbawa zake, hahitaji nauli ya kurudi. Akiteremka, pu pu pu, yuko nyuma ya foleni, konzi mkononi. Kunguru akaona watu wengi, akafurahi, akazidi kupiga debe.

Ndizi za Bi Tai zikaisha. Ikabidi Tai afungue ghala, achukue karanga, anunue ndizi. Konzi moja inaingia mlangoni, pishi inatoka. Konzi inaingia, pishi inatoka. Kindi akaja na mizigo yake, safari ya mlima wa theluji, ile safari ndefu yenye magunia. Akamtafuta Tai. Tai yuko juu ya soko anazunguka na mjomba wa Popo. Kindi akasubiri, akachoka, akaahirisha.

Ghala likawa jeupe pe. Jioni Tai akafungua mlango aangalie karanga zake, akaangalia ukuta.

Bi Tai akaweka sahani chini. Hakuirusha, aliiweka tu.

"Bwana, chagua. Ama sahani, ama konzi. Mimi mikono imekufa, nakwenda kwa mama yangu kupumzika. Ukishachagua, unajua njia."

Akaenda zake. Na huko kwa mama yake akapikiwa yeye, akalishwa yeye, akanenepa. Mimi huyo ndiye ninayempenda kuliko wote kwenye ngano hii.

Tai akabaki. Kuiondoa sahani hawezi, kajisifia nayo maisha yake yote. Akaenda mpaka pangoni, akabisha hodi. Tai kubisha hodi, mjue mambo yamefika shingoni.

"Bi Popo."

"Karibu, Bwana Tai. Leo tunaondoka saa ngapi? Nina wifi hajawahi kupanda."

"Sikiliza. Rudi kwenye kazi yako."

"Kazi gani? Mimi ni abiria wako."

"Bi Popo, nakuomba. Safari za ng'ambo chukua wewe. Mimi nibaki na zangu za mbali, na wanaopenda godoro, kwa pishi yangu ile ile. Sikufuati tena, na watu wako wasinifuate."

Bi Popo akajikuna bawa kama anayefikiria sana. Ndani ya pango jii, ukoo mzima unasikiliza. Halafu akasema, "Haya. Kwa kuwa umekuja mwenyewe." Tai akashukuru, akatoka, akafuata njia ya kwa mama mkwe.

Mvua kubwa zikaja, zikamkuta Shibe na mashavu. Zikapiga wee, zikaondoka, na Shibe yuko pale pale kifuani kwa mama yake anakoroma. Bi Popo akarudi mtini pake ukingoni, moyo mweupe, akaita ng'ambo, ng'ambo. Akaja Panya, katoa kibaba.

"Kibaba na konzi," akasema Bi Popo.

"Imepanda? Kwa nini?"

"Mtoto ameongezeka uzito."

Panya akatazama bonde. Akatazama mtoto, kweli amejaa. Akaongeza konzi, akashika miguu. Pu, pu, pu, sasa polepole kidogo.

Haya, funzo. Najua wazazi wenu wanataka funzo, wasije wakasema nawapotezea muda. Funzo ni hili: ukikaribishwa chakula kwa watu, usione haya, maliza chote, lamba na sahani. Na mama yako akikufinya chini ya mkeka mbele ya wenyeji, usimtaje aliyekufundisha.

"Ngano imepita."

"Imeacha nini?"

"Imeacha sahani tupu."

"Jaza!"

"Nauli kwanza."