Bosi wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika chai na kupigiana hodi, ingawa wengine walipiga hodi wakiwa tayari wameshakaa, paliishi mwandishi mmoja aitwaye Bi Nguchiro.

Nguchiro mnamjua? Kile kinyama chembamba chenye mkia mrefu, kinachokatiza njia kabla hujasema "oneni!" Basi ndiye huyo. Hakuwa ameajiriwa na mtu. Aliwaandikia wanyama wenzake chochote walichotaka: barua za posa, barua za kuomba radhi, hotuba, hata maneno ya kumwambia mkwe. Ukimpa kazi anakaa chini, krrr, krrr, kalamu inakwaruza karatasi. Akimaliza unampa mayai yake, mnaagana vizuri.

Shida yake ilikuwa moja. Kazi yake aliifanyia nyumbani. Na machoni pa majirani, anayefanyia kazi nyumbani ni mtu asiye na kazi.

Siku moja Simba alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni hadi chumba kikawa giza.

"Bi Nguchiro, Ijumaa namwoza binti yangu. Upande wa pili wanapenda kusema, hao! Wakishika zamu hawaiachii. Nataka hotuba ya kuwaziba midomo."

"Utaipata, Mfalme."

"Ijumaa asubuhi naipitia. Nikisimama mbele ya wakwe sina la kusema, basi wakwe watakula pilau. Na nyama ya pilau hiyo itakuwa wewe."

Simba akacheka, ha ha ha! Bi Nguchiro hakucheka. Nani angecheka?

Jumatatu aliamka mapema, akatandika mkeka, akachovya kalamu, akaandika: "Wageni wetu waheshimiwa..."

"Hodi!"

Alipoinua kichwa, Mzee Kiboko alikuwa ameshakaa. Kiti kikalia kwaaa!

"Karibu, Mzee. Ila leo nina kazi."

"Kazi gani, na wewe upo nyumbani?" Kiboko akajiegemeza. "Haya, endelea tu, jirani. Mimi siongei."

Kweli akanyamaza, muda wa kumeza mate.

"Lakini nilikusimulia habari za jino langu?"

Alikuwa ameshamsimulia. Akamsimulia tena. Jino lilianza kuuma, likaacha, likauma upande mwingine, mganga akaja, mganga akatumbukia majini. Chai ikanywewa, birika likakauka, likajazwa. Kiboko alipoinuka jua lilikuwa linazama, na kwenye karatasi bado kulikuwa na wageni wetu waheshimiwa, basi.

Jumanne ikaja. Safari hii Bi Nguchiro alijitahidi, akajaza ukurasa mzima wa maneno matamu. Mara, kwa, kwa, kwa, kwato mlangoni. Mama Nyati huyo, na ndama wake.

"Shoga yangu, nishikie mtoto, nafika sokoni mara moja."

"Mama Nyati, leo nisamehe, nina hotuba ya Mfalme..."

"Si upo nyumbani tu, shoga? Hatakusumbua, mpole huyu."

Akaenda zake. Na ndama alikuwa mpole kweli. Alikaa kimya pembeni, kimya kabisa. Mnajua mtoto akiwa kimya sana kuna nini? Chwa, chwa, chwa.

"Jamani! Hotuba yangu!"

Kilichobaki ni kona moja ya karatasi, nayo imelowa mate.

Mama Nyati aliporudi, jua limeshapoa, aliambiwa yaliyotokea. Akamfuta mwanawe mdomo. "Ah, karatasi tu hiyo! Utaandika nyingine. Maskini, lisije likamuuma tumbo."

Nami nisimpendelee sana Bi Nguchiro. Wageni wakiondoka, hakurukia kalamu. Alisema, "Ngoja nijinyooshe kidogo." Kisha akaona panzi dirishani. Kisha akaona panzi mwingine. Unacheka nini, wewe wa nyuma? Kwani wewe ukitumwa dukani huwa hujinyooshi njiani?

Jioni ile alikaa peke yake akaitazama ile kona ya karatasi, akalia. Aliogopa, wanangu. Alijiona kabisa katikati ya sufuria, iliki huku, mdalasini huku. Na alikasirika pia, maana alikuwa hodari wa kazi yake, na bado hakuna aliyeiita kazi.

Akajiuliza: "Mbona Punda hawamsumbui? Anashinda shambani mchana kutwa, hakuna anayekwenda kumsimulia jino." Akajijibu mwenyewe: "Punda ana bosi."

Akafuta machozi. Macho yake madogo yakaanza kung'aa, na mkia ukaanza kutikisika.

Jumatano asubuhi alitundika pazia zito la kitenge, akagawa chumba chake sehemu mbili. Nyuma ya pazia akaweka mkeka, wino, karatasi, na mtungi mkubwa mtupu. Kisha akakaa kusubiri. Hakusubiri sana.

"Hodi! Jirani, jino limerudi!"

Bi Nguchiro akachomoza kichwa kwenye pazia, kidole mdomoni. "Shhh! Mzee wangu, polepole! Nimeajiriwa."

"Nini?"

"Nimeajiriwa. Bosi yumo humo ndani."

Akarudi haraka nyuma ya pazia, akaingiza kichwa mtungini, akanguruma:

"NGUCHIROOO! Nani huyo hapo nje?"

Akatoa kichwa, akajibu kwa sauti yake nyembamba: "Ni jirani, Bosi."

Kichwa mtungini: "ANA KAZI YA KUANDIKIWA?"

Kichwa nje: "Hana, Bosi. Amekuja kuongea."

Kichwa mtungini: "KUONGEA? SAA ZA KAZI? HEBU MLETE HUMU NIMWONE!"

Kiboko alisimama. Sijui kama mmewahi kumwona kiboko akitembea kwa ncha za vidole. Mimi nimeambiwa tu.

"Hapana, hapana, asihangaike," alinong'ona. "Mwambie nilikuwa napita. Nirudi lini, jirani?"

"Jioni, Mzee. Jioni huwa ananiachia."

"Jioni, vizuri kabisa. Na hongera, mama! Tulikuwa tunakuonea huruma. Hatimaye umepata kazi!"

Bi Nguchiro akauma mkia wake ili asiangue kicheko.

Habari ikaenda kijiji kizima. Mama Nyati akaja na kibuyu cha maziwa, amemficha ndama nyuma yake. "Mpe Bosi. Mwambie huyu mtoto ameacha kula karatasi. Yukoje, shoga? Mkubwa?"

"Sauti yake huisikii?"

"Naisikia! Miguu inanitetemeka." Akaondoka kinyumenyume.

Na kazi ikaenda, krrr, krrr, krrr! Lakini jambo la kuchekesha ni hili. Alhamisi mchana panzi akatua dirishani, mnono, wa kijani. Bi Nguchiro akaweka kalamu chini. Akautazama mtungi. Akasogea polepole, akasema kwa adabu:

"Bosi, naomba ruhusa kidogo. Kuna panzi."

Akaingiza kichwa mtungini. "MALIZA UKURASA KWANZA!"

"Sawa, Bosi," akajibu, akarudi kwenye mkeka, akamaliza ukurasa. Kisha akaenda kula panzi, na alikuwa mtamu kuliko panzi wote wa wiki ile.

Jioni hiyohiyo hotuba ikakamilika. Bi Nguchiro akaisoma kwa sauti, akajipenda mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Simba akafika, amechana shungi lake. Nyuma yake walikuja Kiboko na Mama Nyati, maana walitamani sana kumwona huyo Bosi.

"Hotuba yangu?"

"Hii hapa, Mfalme."

Simba hakuipokea. Alikuwa akilitazama pazia. "Nasikia una bosi. Mkubwa. Mwenye sauti ya kutisha." Kucha zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. "Katika nchi hii, Bi Nguchiro, nani mkubwa kuliko mimi?"

Kabla Bi Nguchiro hajajibu, Simba akashika pazia. Chraaa! Likaanguka lote.

Mkeka. Wino. Mtungi. Basi.

"Yuko wapi?" akauliza Kiboko, kisha akauona mtungi vizuri, akaelewa. "He! Yaani mimi, kwa umri wangu huu, nimetembea kwa ncha za vidole kwa sababu ya mtungi?"

"Na maziwa yangu!" Mama Nyati akapiga kelele. "Nani kanywa maziwa yangu?"

"Bosi," akajibu Bi Nguchiro, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini aliitoa hivyohivyo. "Mfalme, nisamehe. Niliwaambia hawa nina kazi, wakakaa. Nikawaambia ni kazi ya mtu mwingine, wakakimbia. Kalamu ni ileile na mkono ni uleule. Bila Bosi yule, leo mimi ningekuwa nyama ya pilau, na wakwe zako wangekusema hadi usiku."

Simba akarudisha kucha zake. Akachukua hotuba, akaisoma taratibu. Alipofika katikati, mdomo ukaanza kumcheza. Alipofika mwisho, aliangua kicheko hadi vumbi likadondoka darini.

"Hapa kwa mama mkwe! Ha ha ha! Watakosa pa kuanzia!" Akawageukia Kiboko na Mama Nyati. "Nanyi? Mnangoja nini? Hamwoni mtu yuko kazini?"

Wakasukumana mlangoni, puu puu, wakakwama, wakachomoka.

Simba, kwa furaha yake, akavuta kiti, akakaa, akakunja nne. "Sasa, Bi Nguchiro, niwekee chai. Nikusimulie mimi nilivyooa. Kisa kirefu, lakini kitamu."

Bi Nguchiro akatazama mkeka wake. Barua ya Twiga ya kuomba radhi ilikuwa inangoja, na Twiga alikuwa amekosa mengi.

"Mfalme," akasema, "samahani sana. Bosi ananiita."

"Bosi gani tena? Si tumeona wote hakuna mtu?"

"Ni mimi, Mfalme. Na ni mkali."

Simba akamkodolea macho. Bi Nguchiro naye akamkodolea, mkia umesimama wima.

Mfalme akainuka. Akakusanya mkia wake, akakirudisha kiti mahali pake bila kukiburuta, akaenda mlangoni kwa ncha za vidole.

"Nirudi lini?" akanong'ona.

"Jioni," akasema Bi Nguchiro, akachovya kalamu.

Basi wanangu, kisa nimekifikisha, na funzo lake ni hili tu: ukitaka wenzako wauheshimu wakati wako, anza kuuheshimu wewe mwenyewe.