Bei ya Ubao wa Velta

Hapo zamani, na si zamani ya sungura kusema na fisi, zamani hii hii ya juzi, kaskazini ya Ulaya palikuwa na mji uliokatwa na mpaka katikati. Upande huu Estonia, fedha yake krooni. Upande ule Latvia, fedha yake lati. Unavuka barabara kununua mkate, tayari uko nchi ya watu. Msicheke, ndivyo walivyoishi.

Hapo mpakani palikuwa na kibanda cha kubadilishia fedha, na aliyekaa humo ni mwanamke jina lake Velta. Kila asubuhi Velta huandika ubaoni kwa chaki: lati moja ni krooni kadhaa. Mji mzima hupita hapo. Basi watu wa mji ule wakiandikiana mkataba hawakujisumbua na tarakimu. Waliandika tu, "kwa bei ya ubao wa leo." Kwani nani asiyeijua? Lo, watu wazima wale! Jioni Velta huufuta ubao, na kesho huandika bei nyingine.

Sasa Bi Leida alikuwa na nyumba ya vyumba viwili upande wa Latvia, nyumba aliyozaliwa. Mumewe alipougua, akamwuzia jirani kwa krooni laki moja na ishirini elfu. Wakaandikiana: ndani ya miaka kumi na tano, Leida akirudisha fedha hizo kwa lati, kwa bei ya ubao wa leo, nyumba itarudi kwake. Mume akafa vilevile. Leida akafua mashuka ya hoteli miaka karibu kumi na tano, akapata lati elfu tano na sitini.

Jirani naye alikuwa amekwisha kufa. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mpwa wake, Guntis. Leida akamwambia, "Mwanangu, siku ile ubao ulisema krooni ishirini na nne kwa lati. Deni ni lati elfu tano kamili."

Guntis akajibu kwa adabu, "Mama, mimi nimetazama kitabu cha kibanda. Kimeandikwa ishirini na tatu. Ni lati elfu tano mia mbili na zaidi. Unazo?"

Hana. Na muda umebaki siku tisa! Leida akasimama sokoni akalia mbele za watu: "Atakayeniokolea nyumba yangu, chumba cha pili ni chake mpaka afe!"

Akaja Juhan, mstaafu wa reli. Mtu huyu alikuwa na wazimu wake: kila asubuhi, mvua au theluji, alinakili bei ya ubao kwenye daftari. Kwa nini? Hata mwenyewe hajui. Akasema, "Niliandika kila siku. Ila madaftari nilimwachia mtalaka wangu, nikamwambia ayachome."

Wakaenda kwa mtalaka, Aino. Aino hakumtazama Juhan usoni, akafungua sanduku la unga, akayatoa. "Majira ya baridi mawili nilikosa kuni," akasema. "Nikayashika, nikayarudisha. Asubuhi zote hizo za mtu, nizitie motoni?"

Wakalitafuta lile la mwaka ule, wakaipata siku: ishirini na nne! Wakakimbilia kwa wakili. Wakili akavua miwani. "Hapa daftari la mstaafu. Pale kitabu cha kibanda. Niamini lipi?"

Ndipo Velta, aliyeitwa aje na kitabu cha kibanda, akasimama. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Yote mawili ni kweli," akasema. "Tajiri mwenye kibanda alinipa ishirini na tatu, nikaandika kitabuni. Ubaoni niliandika ishirini na nne. Mwenye kununua lati alilipa ya ubaoni, na ile krooni moja iliyozidi naliitia mfukoni. Siku nyingi nilifanya hivyo."

Wakili akasema, mkataba umetaja ubao, haukutaja kitabu. Leida akalipa elfu tano, nyumba ikarudi. Na jioni ile ile tajiri akamfukuza Velta kazini, akamtoa na katika chumba alichompangisha nyuma ya kibanda.

Kesho yake wote watatu walikuwa mlangoni kwa Leida.

"Chumba ni changu," akasema Juhan. "Nisingeandika, mngesoma nini? Nakaa ghorofa ya nne, na magoti yangu yamekwisha."

"Chumba ni changu," akasema Aino. "Yeye aliyatupa, mimi nikatetemeka kwa baridi nisiyachome. Nalala jikoni kwa mwanangu, mkwe akiamka ananiruka."

Velta alikuwa na mfuko mmoja wa nguo. "Mimi nilikuwa nacho chumba," akasema. "Ningenyamaza, ningekuwa nacho hata leo."

Aino akamgeukia kwa hasira. "Fedha za kumzika mama yangu nilizibadilisha kwako! Ulinila na mimi?"

"Nilikula," akasema Velta, na machozi yakamtoka.

Leida akashika mwimo wa mlango. Mwizi huyu, lakini bila wizi wake bei ingekuwa ishirini na tatu, naye angekuwa nje leo. Kitanda ni kimoja, chumba ni kimoja, ahadi aliitoa mbele ya soko zima.

Haya, ninyi mnaotikisa vichwa kana kwamba jambo ni jepesi! Ufunguo nauweka mikononi mwenu. Je, mngemfungulia nani?