Vikombe Viwili vya Pipa la Bi Nungunungu

Hapo zamani za kale, Tembo na Kifaru walipokuwa bado wanasalimiana, aliishi mpishi wa pombe aliyeitwa Bi Nungunungu. Nchi nzima ya wanyama haikuwa na mpishi wa kumfikia.

Eh, nyie wa huko nyuma, acheni kucheka! Pombe ni ya wakubwa, na wakubwa wenyewe haiwafai sana, kama mtakavyosikia. Mimi nawapa kisa, siwapi kikombe.

Wapishi wengine walichanganya mahindi na ulezi. Bi Nungunungu alichanganya mahindi na ngano, maana alisema ngano huipa pombe ulaini. Kisha aliifungia ndani ya pipa la mbao lililounguzwa ndani kwa moto, akaiacha humo miaka saba. Maji hakuitia hata tone. Ilivyotoka kwenye pipa ndivyo ilivyonywewa.

Basi, pipa kama hilo halikufunguliwa hivihivi. Kila sherehe ya mavuno ilipokaribia, waonjaji wawili waliitwa, Tembo na Kifaru. Wawili hao walikua pamoja, wakajenga nyumba zinazotazamana. Kifaru, mnajua, macho yake ni mabovu, kwa hiyo Tembo alikuwa akimtangulia njiani na kumwambia, "Jiwe hilo. Shimo hilo. Pinda huku." Naye Tembo mgongo ukimwasha, Kifaru alimkuna kwa pembe yake, kwaru, kwaru, mpaka anasinzia.

Walionja kwa kata moja, kile kifuu chenye mpini cha kuchotea. Tembo alipiga funda moja, akampa Kifaru, naye akapiga funda moja. Wakisema kwa pamoja "Imeiva!" pipa lilibebwa hadi uwanjani. Wasipokubaliana, pipa lilibaki ghalani mpaka wakubaliane. Lakini hiyo haikuwahi kutokea tangu enzi za babu zao.

Mlinzi wa ghala alikuwa Nguchiro. Mdogo, mwepesi, na pua yake haitulii. Miaka saba alilala kando ya pipa lile akivuta harufu iliyopenya kwenye mbao.

"Loo! Harufu gani hii!" alijisemea. "Na siku ya sherehe nitapata nini mimi? Tembo atavuta kwa mkonga mara moja tu, fyuuu! nusu ya pipa imekwisha. Mimi nitabaki kulamba kidole. Haiwezekani!"

Siku ya kuonja ikafika. Bi Nungunungu alikaa nje ya ua, kwa sababu mpishi hasimami karibu pombe yake ikionjwa. Tembo na Kifaru wakaingia ghalani, mmoja nyuma ya mwenzake kama kawaida yao.

"Shikamooni, wazee wangu!" Nguchiro akaruka kuwapokea.

"Marahaba. Lete kata," alisema Tembo.

"Kata? Wazee wangu, mimi naona haya kuwapa. Juzi nimepita kwa Fisi, nikakuta watoto wake wanagombania bakuli moja. Nikajiuliza, hivi wakubwa wetu hawa, na heshima yao yote, bado wanachangia chombo kama watoto wa Fisi? Nikaona bora kila mzee awe na kikombe chake."

Tembo akakunja uso. "Tangu babu zetu tunakunywa kata moja."

"Ni kweli," alisema Kifaru taratibu. "Lakini kikombe changu mwenyewe, ndugu yangu, sijawahi kuwa nacho."

Tembo akamtazama, akacheka. "Haya bwana. Tuone raha ya vikombe."

Hapo ndipo palipoharibika, wanangu. Laiti angesema hapana!

Nguchiro akafungua pipa. Kikombe cha Tembo akakijaza pombe tupu. Cha Kifaru akakitia pombe kidogo, halafu, chubwi! maji ya mtoni mpaka juu. Kifaru hakuona kitu. Tembo naye alikuwa akinusa kikombe chake, macho ameyafumba.

Tembo akapiga funda.

"Haaa! Mama yangu weee!" Masikio yakapigapiga, pwata pwata! Machozi yakamtoka. "Moto huu! Ngoja kwanza, ngoja... sasa unakuja utamu. Imeiva, ndugu yangu! Imeiva sana!"

Kifaru akapiga funda. Akapiga la pili. "Moto? Moto uko wapi? Hii ni uji wa mgonjwa. Maji matupu!"

"Maji? Koo langu linaungua!"

"Basi una kidonda kooni. Mimi siwezi kuwaambia watu imeiva."

"Hebu onja kikombe changu," alisema Tembo, akanyoosha mkonga.

Nguchiro akawahi kudakia. "Aa, mzee wangu! Kuonja cha mwenzako ni kama kukiri kwamba ulimi wako hauaminiki. Mwonjaji mkubwa kama Mzee Kifaru afanye hivyo?"

Kifaru akarudi nyuma. "Sionji cha mtu. Nimeonja changu, inatosha."

"Mbishi wewe!"

"Mwongo wewe! Umehongwa na Bi Nungunungu."

"Nani kahongwa?" Tembo akapiga mguu chini, puu! ghala likatikisika. "Kumbe ulimi wako umekufa kama yalivyokufa macho yako!"

Hata Nguchiro hakutaka yafike huko. Alitaka wabishane, wasikubaliane, pipa libaki kwake. Basi.

"Kumbe ndivyo unavyoniona," alisema Kifaru. "Miaka yote uliyokuwa ukiniongoza njia."

Akageuka, akatoka peke yake, akajigonga kwenye nguzo ya mlango, kwaa! Tembo akafungua kinywa amwite. Hakumwita. Alichukua lile kata la babu zao lililokuwa limetundikwa ukutani, akaenda zake.

Bi Nungunungu aliposikia pombe yake imeitwa maji, aliinamisha kichwa. "Miaka saba," alisema. "Maji sijawahi kuitia." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nchi nzima ikagawanyika. Nusu ikashika neno la Tembo kwamba pombe ile ni moto wenye utamu, nusu ikashika la Kifaru kwamba ni maji, na wote hao hawakuwa wameionja! Sherehe ya mavuno ikafanyika bila pipa. Tembo akahama, akaenda kukaa ng'ambo ya mto.

Na Nguchiro? Alitoboa pipa tundu dogo, akapitisha mrija. Fyoo, fyoo, kila siku. Mwanzoni alicheka peke yake mpaka akaanguka. Halafu kicheko kikaisha. Kila alipochungulia nje ya ghala alimwona Kifaru akijigonga mitini, akisimama na kusikiliza kama kuna mtu atakayemwambia pinda huku. Nguchiro alijisikia vibaya. Alijisikia vibaya, na aliendelea kunywa.

Mvua tatu zikapita. Siku moja Bi Nungunungu akaja kulitazama pipa lake. Akaligonga. Ng'oo! Likalia kama ngoma.

"Nguchiro, pombe yangu iko wapi?"

Nguchiro akautazama mrija, akamtazama mama yule, akaanza kulia. Akasema yote, vikombe viwili na maji ya mtoni.

Bi Nungunungu hakumpiga. Alikinga kibuyu kidogo chini ya pipa, akaliinamisha, akapata masalia, kama mafunda mawili. "Chukua," alisema. "Nenda kwa Kifaru, umweleze kwa kinywa chako. Kisha umwongoze njia mpaka kwa Tembo. Hayo mafunda mawili ni yao."

Kifaru alimsikiliza mpaka mwisho. Nguchiro alijua atakanyagwa. Kifaru alisema tu, "Twende. Tena upesi."

Wakavuka mto. "Jiwe hilo, mzee. Shimo hilo," Nguchiro alikuwa akisema. Kifaru njiani alikuwa akijizoeza maneno. "Nitamwambia, ndugu yangu, nilikuita mwongo. Halafu nitamkuna mgongo kabla hajajibu."

Nyumbani kwa Tembo walimkuta mkewe amekaa uani, kichwa amekifunga kitambaa cha msiba.

"Karibu, shemeji," alisema. "Tumemzika juzi."

Kifaru akasimama palepale.

"Aliugua siku nyingi. Kila nyayo zikisikika alikuwa akiuliza, 'Ni Kifaru huyo?' Nikamwambia nimtume mtu akuite. Akasema, 'Mwache. Nilimtukana macho yake, atakujaje kuniona?'" Akaingia ndani, akarudi na kata. "Alisema hili ni lako."

Nguchiro akamimina funda moja. Kifaru akanywa. Ikamchoma ulimi, ikamchoma koo, machozi yakamtoka. Akangoja. Na taratibu, kutoka chini ya moto ule, ukaja utamu wa ngano.

"Alisema kweli," alisema Kifaru. "Ndugu yangu alisema kweli."

Akapapasa kwa pembe mpaka akalifikia kaburi. Funda la pili akalimwaga pale, polepole, mpaka tone la mwisho.

Tangu siku hiyo Kifaru hutembea peke yake, na hataki kuongozwa njia na yeyote. Na mkimwona Nguchiro amesimama kwa miguu miwili kandokando ya njia, anageuza kichwa huku na huku, msidhani anawinda. Anatazama kama wale wawili watatokea tena, mmoja nyuma ya mwenzake.

Kisa changu nimekitua hapo, na neno lake ni hili: anayewagombanisha marafiki ili apate kunywa, atakunywa peke yake.