Kwa Nini Mtungi wa Mwani Hukaa Mpakani

Mnaniuliza kwa nini wanawake wa huku kwetu huweka mtungi wa mwani mpakani, katikati ya bustani mbili, na kwa nini hakuna achotaye bila kumwita mwenzake. Kaeni basi. Na wewe unayeziba pua, acha, harufu haijaua mtu.

Zamani hizo mwani ulikuwa takataka ya pwani. Bahari inautapika, jua linaukausha, basi. Bi Mize, mke mkubwa wa Makame, alilima mchicha kwa jembe na jasho lake, na mbegu za nyumba nzima zilitoka kwake. Kila msimu aliacha tuta moja likomae, asiliguse mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake.

Kisha akaolewa Mchanga, mke mdogo. Loo! Mtu wa juzi tu, mchicha wake ukatoa majani mapana hata kuku wakapotelea ndani. Makame akila kwa Mchanga anajilamba vidole; akila kwa Mize anauliza kama chumvi imekwisha. Mize akaona wivu, usingizi hauji.

"Ana dawa huyu," akasema. "Mchicha hauwi hivyo bure bure."

Akaanza kuchungulia uani kwa mke mwenzake. Akamwona anakusanya mwani, anausuuza kwa maji ya kisima mpaka chumvi yote itoke, anauloweka mtungini pamoja na mavi ya mbuzi, anafunika. Ukaoza, ukawa maji meusi yanayonuka. Siku ya kumwagilia Mize alimwona Mchanga akichota kata moja tu. Hasira zikampanda, akageuka kwenda zake kabla hajaona kata ile ikimiminwa kwenye pipa zima la maji.

Mchanga alipokwenda kisimani, Mize aliingia akaubeba mtungi.

"Yeye anatia kata? Mimi natia wote!"

Akaumimina, na akaanza na tuta la mbegu, ili mwakani hata mbegu zake zimshinde mwenzake. Haikupita siku nyingi majani yakajikunja, mashina yakaungua, mbegu zikapukutika changa. Na mvua hizo zinakuja! Mize akakaa chini katikati ya tuta akalia kwa sauti. Mke mkubwa asiye na mbegu, ukubwa wake uko wapi?

Ikambidi aende kwa mke mwenzake kuomba mbegu. Mchanga alikuwa na mashina machache tu yaliyokomaa, aliyosahau kuyakata.

"Mtungi wako niliuchukua mimi," Mize akasema.

"Najua, dada. Ulinuka mwani siku nzima."

"Kwa nini hukuniambia unavyofanya?"

Mchanga akainama. "Nikuambie, kisha mimi nibaki na nini? Wewe una mbegu, una watoto, una jina. Nilikuonea wivu tangu siku niliyoingia hapa. Mimi nilikuwa na mtungi tu."

Mize akaenda akauleta mtungi. Siku ile mashina yakahamia kwa Mize ayatunze kwa mbegu za wote wawili, na mtungi haukurudi tena uani, ukawekwa mpakani.

Na mpaka leo ndiyo desturi yetu. Anayetaka kuchota humwita mwenzake, naye huja akasimama mkono kiunoni, akaitazama kata ikiingia pipani, wakagawana sawasawa. Msidhani ni mapenzi yale, wanangu. Wanachungana. Lakini tazameni mchicha, umestawi pande zote mbili.