Binti wa Waziri

Bendera ya nchi ile ilikuwa bado haijapauka, na tayari Waziri Ngalomba alikuwa amepitisha sheria: atakayemtumikisha mtoto, jela. Siku ya kuizindua akawaalika wageni wa ng'ambo nyumbani kwake. Jikoni, Tabu, msichana ambaye Waziri alimleta mwenyewe kutoka kijijini, alikuwa anasugua masufuria.

Asubuhi hiyo Sikudhani, mama mdogo wa Tabu, alifika kudai arudishiwe mtoto.

"Nani ataosha vyombo?" Waziri alifoka. "Haondoki!"

"Basi asiondoke, Mheshimiwa. Ila wageni wakimwona?"

Waziri akajikuna kidevu. "Nitasema namlea."

"Watataka hati za mahakama. Sema umemzaa. Nani atakupima damu?"

Waziri akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Mwanamke huyu ana akili!

Mchana, mgeni mmoja alimwona Tabu na beseni la vyombo, akauliza ni nani. Waziri akanyakua kipaza sauti.

"Huyu ni binti yangu wa kuzaa!"

Wageni wakapiga makofi. Mke wa Waziri hakupiga. Alisimama.

"Umemzaa na nani? Kumbe ndiyo maana ulimleta mwenyewe!"

Waziri akafungua kinywa aseme ni mtumishi tu. Akawaona wageni na kalamu zao. Akakifunga.

Sikudhani, aliyekuwa amebaki jikoni, akasogea, mtulivu kama maji ya mtungi. "Nimchukue, hasira za mama zipoe?"

"Mchukue! Sasa hivi!"

Sikudhani akamshika Tabu mkono. Walipofika mlangoni akageuka, akapaza sauti ifike meza ya mwisho:

"Na ada ya shule utaleta lini, shemeji?"